Kompyuta Zilizomkana Bienaimé

Bienaimé Amissi alikuwa mlinzi wa mlango katika jengo moja la ofisi karibu na kituo cha metro cha Schuman, Brussels, pale ambapo watu hupita asubuhi na beji shingoni na kahawa mkononi bila kumtazama mtu usoni. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya kusomea masomo kanisani, na ndani ya koti lake la kazi hakukosa diski moja, iliyofungwa vizuri kwenye bahasha ya karatasi kama picha ya mchumba.

Diski hiyo aliipata mwaka 2007. Kompyuta yake ya kwanza ilikuwa imejaa virusi, zawadi ya shemeji aliyemletea picha za harusi kwenye flashi, na ilikuwa imefika mahali pa kuwaka asubuhi na kuonyesha kitu mchana. Fundi wa kompyuta wa pale kazini, Mgiriki mmoja mwenye huruma, alimpa ile diski na kumwambia aweke mfumo mpya uitwao Ubuntu. Mfumo huo hauuzwi. Yeyote anaweza kuufungua, kuutazama ndani, kuunakili na kumgawia jirani yake, na hakuna atakayekuja kumkamata. Bienaimé aliuweka, kompyuta ikafufuka, naye hakuwa tena mtu yule yule. Wenzake waliotoka Bukavu pamoja naye, walipofika Brussels wengine walipata maduka, wengine walipata uchungaji. Yeye alipata Ubuntu.

Tangu hapo hakuna aliyekuwa salama. Kwenye ubatizo, kwenye matanga, kwenye foleni ya commune, ile ofisi ya manispaa, Bienaimé alikuwa akimsogelea mtu na kumuuliza kwa sauti ya chini, kama daktari, "Ordi yako inatembea muzuri?" Watu wakaanza kuzificha kompyuta zao. Siku moja alipomtembelea rafiki yake Crispin, huyo Crispin alipomwona dirishani aliwahi kuisukuma kompyuta yake chini ya mto wa kochi. Bienaimé akakaribishwa, akakaa papo hapo, akasikia kitu kigumu, akakivuta nje na kukipapasa.

"Masikini," alisema. "Inaonekana iko na virus."

Alipoondoka jioni ile, Crispin alikuwa na Ubuntu.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2014 kulitokea jambo ambalo Bienaimé aliliona kama wito. Microsoft walikuwa wametangaza kwamba Windows XP haitatunzwa tena, na ofisi zilizobaki na mashine za zamani zikawa zinazitoa. Jengo lake nalo likatoa kompyuta ndogo saba, nyepesi, zisizo hata na mahali pa kuingizia diski, na kwa kuwa mlinzi ndiye aliyekuwa mlangoni zikipita, aliziomba, akapewa. Aliziahidi moja kwa moja kwa chama cha akina mama wa Kivu kilichokutana Jumamosi katika ukumbi mdogo huko Molenbeek, si mbali na mfereji. Wale mamans walikuwa wakitaka kujifunza kuandika CV na kuongea na ndugu zao Bukavu na Uvira kwa video. Bienaimé alimwambia rais wao kwamba Jumamosi ijayo, kufikia saa ya chakula, zote zitakuwa tayari.

Rais huyo alikuwa Maman Lucienne. Bukavu alikuwa mkuu wa shule ya msingi. Brussels alikuwa akienda nyumba kwa nyumba kuwaosha na kuwalisha wazee. Kutoka kazi ya kwanza hadi ya pili alibeba kitu kimoja: hakuweza kuvumilia fujo. Kiti kikiwa kombo alikinyoosha huku akiongea nawe. Ukiwa na uzi begani aliutoa.

Jumamosi ilipofika, mamans walikaa mistari miwili kama wanaosubiri mtihani. Maman Lucienne alifungua kwa sala. Kisha Bienaimé akasimama mbele ya meza, kompyuta zimepangwa, na kisoma diski chake cha nje mkononi, kile kiboksi cheusi chembamba ambacho huunganishwa kwa waya wa USB.

"Bamaman," alisema, "hii système jina yake Ubuntu. Ni neno ya kwetu, ya sisi Bantu. Maana yake ni utu. Haiuzishwe, haina virus, na kila muntu anaweza kuipatia mwenzake. Bon. Mutaona sasa."

Wakapiga makofi. Akachomeka waya, akaingiza diski, akawasha kompyuta ya kwanza na kubonyeza kile kitufe cha kuiambia ianzie kwenye diski. Kiboksi kikawaka taa. Kikasema *tik, tik, tik*. Kikavuta pumzi kama mzee anayetaka kuinuka kitini, kikaghairi, kikanyamaza. Halafu ile Windows ya zamani ikatokea kwenye skrini na majani yake mabichi na anga lake la bluu, kana kwamba hakuna kilichosemwa.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza Maman Viviane, mwanamke mnene mcheshi aliyekaa mstari wa mbele.

"Hapana, Maman. Hiyo ni ya zamani. Haijatambua diski. Ngoja."

Akajaribu tena. Akajaribu tundu la upande wa pili. Akachukua kompyuta nyingine, na nyingine. Kila moja ilisikiliza zile tik tik, ikafikiri, ikaleta majani mabichi. Bienaimé alianza kutoka jasho juu ya mdomo. Nyuma mtu alifungua sufuria ya beignets, maandazi ya kwao, harufu ikatembea ukumbini, nidhamu ikalegea.

"Mimi naona hizi ordi bado zinawaza mupatron wao wa kwanza," alisema Viviane. "Hazijakubali kutolewa."

"Labda zinataka mot de passe," alisema mwingine, aliyewahi kusikia habari za neno la siri.

Maman Lucienne alikuwa amekunja mikono. "Bienaimé, mutoto yangu, ulisema jina ya hii kitu ni nini?"

"Ubuntu, Maman Présidente."

"Ubuntu." Alilipima neno. "Sasa Ubuntu gani hii haijue muntu?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Bienaimé naye alicheka, lakini kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Wakati huo akaingia Tonton Donat. Huyu, ambaye kila mtu alimwita Tonton, yaani mjomba, alikuwa mstaafu kutoka Likasi, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye treni za migodi, na sasa aliishi Koekelberg katika nyumba ambayo, alikuwa akimkumbusha kila mtu, ukiinamisha kichwa kidogo dirishani unaiona Basilika. Hakuwa wa Kivu wala hakuwa mwanamke, lakini alihudhuria mikutano ya chama kwa sababu ya beignets. Yeye na Bienaimé walikuwa na ugomvi wa miaka kuhusu kompyuta. Donat aliamini kitu cha bure ni cha wizi au ni kibovu.

"Nilijua," alisema Donat. "Ndiyo maana nimekuja na dawa." Akatoa mfukoni diski yake mwenyewe, iliyoandikwa kwa kalamu nyeusi, WINDOWS VRAI ORIGINAL.

"Tonton, hii uliitoa wapi?"

"Usiulize. Pisha."

Bienaimé alipisha. Donat akaweka diski yake katika kiboksi kile kile, akawasha. *Tik, tik, tik.* Pumzi. Majani mabichi.

Bienaimé hakutaka kutabasamu, lakini mdomo ulimponyoka.

"Hata original imekataa, Tonton."

"Imekataa juu ya ile yako imeshaharibia mashine roho!" Donat aliinama, akaweka sikio juu ya kiboksi kama alivyokuwa akiweka juu ya injini. "Kwetu Likasi machine ikikataa, tulikuwa tunaisikiliza kwanza. Sikia. Hii inalia njaa."

"Njaa ya nini? Taa si inawaka?"

"Miye nakuambia inalia njaa. Mimi pia nalia njaa. Kuko beignets?"

Mkutano uliishia hapo. Bienaimé alizipakia kompyuta zake saba kwenye mkokoteni wa sokoni na kwenda nazo nyumbani. Kwenye tramu hakumuuliza mtu yeyote habari ya ordi yake.

Juma lililofuata mkewe, Mignonne, aliishi kama mgeni katika nyumba yake. Kompyuta zilichukua meza ya chakula, wao wakala sahani zikiwa magotini. Moja ilikaa juu ya ubao wa kupigia pasi. Kilichomtesa Bienaimé ni kwamba kiboksi kilikuwa kizima. Alipokichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe, iliyokuwa mpya zaidi, diski ilizunguka vizuri na kila kitu kikafunguka. Akikitoa na kukiweka kwenye zile saba, tik tik, pumzi, majani.

"Inakujua weye tu," alisema Mignonne. "Kama mbwa ya Bazungu."

Bienaimé alitengeneza diski mpya, halafu nyingine kwa kasi ndogo zaidi ili maandishi yaingie vizuri. Alizipangusa kwa kitambaa cha miwani. Alijaribu flashi, lakini mashine zile zilikuwa za zamani kiasi kwamba hazikujua kabisa kuamka kwa flashi. Aliingia kwenye ule ukurasa wa bluu wa ndani kabisa wa kompyuta, ambao watu wa kawaida hufika kwa bahati mbaya tu na kutoka mbio, akabadilisha mpangilio, akaweka diski iwe ya kwanza kabisa, mbele ya kila kitu. Kompyuta zilikubali amri, zikaitafuta diski ya kwanza kabisa, mbele ya kila kitu, zikaikosa.

Mwishowe aliandika mtandaoni, kwenye jukwaa la Kifaransa la watumiaji wa Ubuntu. Alieleza kila alichofanya, kirefu na kwa adabu. Jibu lilikuja upesi kutoka kwa mtu asiyemjua: je, kisoma diski chako kinapata umeme wa kutosha?

Bienaimé alisimama. "Mignonne! Njoo uone matusi! Miaka yote hii, na muntu ananiuliza kama nimechomeka!"

"Na umechomeka?"

"Mignonne."

"Miye nauliza tu, Papa Océane." Hivyo ndivyo alivyomwita alipokuwa anajizuia kucheka, kwa jina la binti yao.

Akamjibu yule mtu kwamba anashukuru, ila taa inawaka, kwa hiyo umeme upo, na kama kuna mwenye ushauri mzito zaidi ajitokeze. Hakujitokeza mtu.

Ijumaa jioni Mignonne alimkuta amekaa mbele ya ubao wa pasi, mikono mapajani, akiitazama kompyuta kama mtu anayemtazama mgonjwa. Alimhurumia kweli. Alimwekea mkono begani.

"Uwaambie tu zimekataa. Hawatakukula."

"Nikisema zimekataa, watasema ni Ubuntu ndiyo imekataa. Na si yenyewe. Najua si yenyewe." Akakipapasa kiboksi. "Na nilimuahidi Maman Lucienne. Weye unamujua. Atasema si kitu, halafu ataninyoosha kola."

Lakini hakuwa na njia. Jumamosi alizirudisha Molenbeek katika mvua nyembamba isiyoanza wala kuisha. Mamans walikuwepo, pamoja na Donat. Safari hii chama kilikuwa kimeleta chakula cha kweli, sombe ya majani ya muhogo na samaki, maana Maman Lucienne alikuwa ameamua kwamba hata kompyuta zikikataa, watu watakuwa wameshiba. Bienaimé alijaribu mara moja ya mwisho mbele yao, kwa heshima tu. *Tik, tik, tik.* Pumzi. Majani.

Akageuka kuwakabili. Alikuwa ametayarisha maneno.

"Bamaman, nimetumika na hizi machine juma yote. Zimezeeka. Kuna wakati machine, sawa na muntu, inafika mahali inasema, hapana, mambo mapya siyataki tena. Si makosa ya système. Si makosa ya muntu. Donc nilikuwa nataka kusema..."

Nyuma yake Maman Lucienne alikuwa akiandaa meza. Sufuria ya sombe ilihitaji mahali, na mahali palikuwa pamejaa nyaya. Alizisogeza. Akaona ule waya wa kiboksi. Mwisho mmoja uliingia kwenye kiboksi, na mwisho wa pili ulikuwa na vichwa viwili, kama ulimi wa nyoka. Kichwa kimoja kilikuwa kimechomekwa kwenye kompyuta. Cha pili kilining'inia mezani, kimefungwa utepe wa gundi ili kisisumbue.

"Bienaimé, hii kichwa ingine ni ya nini?"

Hakugeuka. "Ni ya réserve, Maman. Siku ya kwanza ikikufa, ninatumia ya pili. Donc, bamaman, kama nilivyokuwa ninasema..."

Maman Lucienne alikitazama kile kichwa kikining'inia. Alitazama kompyuta. Pembeni mwa tundu lililotumika kulikuwa na tundu jingine kama lile, tupu. Kichwa hakina mahali, tundu halina kitu, na sombe inapoa. Alibandua gundi, akakisukuma ndani, akaweka sufuria.

Kiboksi kikanguruma.

Haikuwa tik tik. Ilikuwa *vuuuuu*, ndefu, ya kushiba, kama basi linaloanza mlima. Bienaimé alikatika katikati ya neno, akaiwahi kompyuta na kuiwasha upya. Skrini ikawa nyeusi, ikakaa nyeusi kwa muda wa kutisha, kisha ikafunguka rangi ya zambarau na lile jina likatokea katikati, jeupe.

Bienaimé alimwangalia Maman Lucienne, aliyekuwa bado ameshika kifuniko cha sufuria.

"Maman. Umefanya nini?"

"Nimepanga meza."

Alifuata waya kwa macho, kutoka kiboksi hadi vichwa viwili vilivyokaa bega kwa bega. Hapo ndipo alipoelewa, na ilimchoma masikio. Kile kichwa cha pili hakikuwa cha akiba. Tundu moja la mashine hizo kuukuu lilitoa umeme wa kuwasha taa tu, si wa kuzungusha diski. Kichwa cha pili kilikuwa cha kuvuta umeme zaidi kutoka tundu la jirani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nguvu ya kutosha katika tundu moja, ndiyo maana hakuwahi kujua. Kwa miaka mingi alikuwa amekifunga gundi kitu kilichotengenezwa kumsaidia.

"Njaa!" Tonton Donat alipiga kelele, amesimama. "Nilisema nini mimi? Nilisema inalia njaa! Njaa ya courant, ya umeme! Bamaman ni mashahidi!"

"Ulikuwa unataka beignets," alisema Viviane.

"Zote mbili! Nilisema zote mbili!"

Bienaimé akaanza kucheka. Kicheko kilianza kidogo, kikapanda, mpaka ikabidi akae na kujifunika uso kwa bahasha ya diski. Mamans walicheka pamoja naye, na Maman Lucienne, ambaye hakuelewa vizuri alichokifanya lakini aliona matokeo, alimpigapiga mgongoni. Kisha akamnyoosha kola.

Mchana ule kompyuta zote saba zilikubali. Maman Lucienne hakumruhusu mtu mwingine kuchomeka. Bienaimé akitamka "Maman Présidente, tafadhali," yeye alikuja, akasukuma vichwa viwili kwa pamoja, akasimama kando kusikiliza ule mngurumo kwa uso wa mtu anayesikiliza kwaya. Donat alikula sahani mbili na kumwomba Bienaimé, kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia, apite Koekelberg siku moja kutazama mashine yake, kwa kutazama tu, si kubadilisha kitu.

Bienaimé aliandika tena kwenye jukwaa. Alimwomba radhi yule mtu asiyemjua na kumweleza habari ya sombe. Mtu yule alijibu kwamba maswali ya aina ile anayajibu kila juma, lakini hiyo ya sombe ni ya kwanza.

Kosa moja dogo lilibaki. Katika shangwe ya ile kompyuta ya tatu, ukurasa wa kuchagua lugha ulipotokea, mtu alibonyeza mahali sipo, na mfumo wote ukaingia kwa Kiholanzi. Hiyo ilimwangukia Maman Viviane. Bienaimé alipogundua alitaka kuirekebisha mara moja, lakini Viviane aliikumbatia kompyuta kifuani.

"Iache. Wanasema kila siku Brussels ni ya lugha mbili. Hii nyingine nitaisikia wapi, kama si humu?"

Akaanza kujifunza kwa kubonyeza. Kila alipoona neno alilitamka kwa nguvu, bila hofu, kwa lafudhi ya Kadutu, mtaa wake wa Bukavu. Alilopenda kuliko yote lilikuwa jina la pipa la takataka pale kwenye skrini. Aliwasalimia wenzake nalo mlangoni: "Prullenbak!"

Mwishoni mwa Mei alikwenda kujaribiwa kazi katika nyumba moja ya wazee wa Kiflemi, wasemao Kiholanzi. Muuguzi aliyempokea alimvulia mzee mmoja bandeji, akabaki na glavu chafu mkononi akiangaza huku na huku. Viviane aliliona pipa nyuma ya mlango.

"Prullenbak!" alisema, akionyesha.

Muuguzi aling'aa uso. Hakuwa ametegemea. Akamshika mkono na kumtembeza nyumba nzima, akimweleza kila kitu kwa Kiholanzi kwa furaha na haraka, na Viviane, aliyeona kwamba mambo yanakwenda vizuri, alijibu "Ja," yaani ndiyo, kila palipokuwa na nafasi. Alipewa kazi. Alipewa pia karatasi yenye siku zake.

Jumamosi aliileta ukumbini na kumpelekea Bienaimé, ambaye kwa ajili ya kazi ya ulinzi alikuwa amesomeshwa Kiholanzi kidogo.

"Papa Bienaimé, nisomee hapa. Huyu Pinksteren ni nani? Wamemuweka na miye kutoka asubuhi mpaka magharibi."

Bienaimé alisoma mara mbili.

"Si muntu, Maman. Ni Pentecôte. Ulikubali kutumika kazi sikukuu nzima."

Maman Viviane aliichukua karatasi yake, akaikunja.

"Bon," alisema. "Yule maman alikuwa anaongea kwa furaha kabisa. Mimi nilijua tu kuko kitu."